Kamati za Wadi na Wazee wa Dedha

Katika kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ambako mvua haina miadi na mali ya mtu huhesabiwa kwa mifugo, Waborana wana taratibu ya kale ya malisho iitwayo dedha, ambayo kwayo wazee huamua ni mbuga ipi italiwa wakati wa mvua, ipi wakati wa kiangazi, na ipi itahifadhiwa iwe akiba ya ukame. Taratibu hiyo, ambayo serikali haikuijali kwa miaka mingi, ilirudishiwa hadhi yake pale kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi zilipoundwa, wajumbe wakachaguliwa na wananchi wenyewe, wakapewa idhini ya kuamua fedha za mfuko wa kaunti wa tabianchi zielekezwe kwenye jambo gani. Mgeni angalidhani kwamba watataka visima tu. Lakini wao, kwa busara ninayoistahi mno, walitia fedha pia katika kuwapa nguvu wazee wa dedha, kwa kuwa walijua kwamba maji yakichimbwa mahali pasipostahili huvuta mifugo mingi na kumaliza nyasi za akiba.

Kaunti ya Makueni nayo, mwaka 2015, iliupa mfuko wa namna hiyo nguvu ya sheria, ikautengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Nawapongeza kwa dhati wajumbe wa kamati hizi za wadi, wanawake kwa wanaume, hasa kwa kazi isiyosifiwa ifuatayo baada ya bwawa kukabidhiwa, yaani kupatana nani anyweshe, lini, na kwa ada gani.