Mchanga uko Nyasa, fedha ziko Mbinga

Mwaka 2012 Wilaya ya Mbinga ilimegwa, Wilaya ya Nyasa ikazaliwa. Mpaka mpya uliiachia Mbinga mji, sehemu kubwa ya kahawa na makaa ya mawe ya Ngaka. Nyasa ikapata Ziwa Nyasa lote la upande wa Mkoa wa Ruvuma, kuanzia Lituhi kaskazini hadi Chiwindi mpakani na Msumbiji. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 353,683 Mbinga na 146,160 Nyasa. Kiutawala, mgawanyo ule ulisogeza ofisi karibu na wananchi. Lakini kwa anayepanga mahali pa watu kupumzika, kucheza na kuogelea, ulizaa tatizo ambalo bado halijapatiwa dawa: wenye fedha za kwenda ufukweni walibaki halmashauri moja, ufukwe ukaenda halmashauri nyingine. Baadaye Mji wa Mbinga nao ukapata halmashauri yake, na sasa mezani wako watatu.

Tuangalie fedha zinavyotembea. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, kutoka 5 ya awali, na unakwenda kwa halmashauri ambako zao limelimwa. Ushuru wa huduma hutozwa kwenye mauzo ya kampuni. Kwa hiyo kahawa ya mkulima wa Mbinga inajenga bajeti ya Mbinga, hata kama mkulima huyo Jumapili atateremka Mbamba Bay, kwenye ufukwe wa Nyasa, na familia yake. Nyasa inabaki na ushuru wa samaki, wa korosho na mpunga, na wa nyumba za kulala wageni. Angalia pia mapumziko yanakaa upande gani wa kitabu cha bajeti. Leseni za vileo, vibali vya disko na ushuru wa nyumba za wageni vyote viko kwenye mapato. Upande wa matumizi utakuta Kitengo cha Utamaduni, Sanaa na Michezo, ambacho muda wake mwingi unaliwa na maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Mashindano hayo ya shule nayathamini sana, lakini hayamhusu mama wa miaka 40 wala kijana aliyemaliza darasa la saba akaingia kwenye uvuvi.

Kwa nini mambo yamekuwa hivi? Jibu langu linaanzia kwenye mpango wenyewe unavyotengenezwa. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unaanzia chini: wananchi wanakaa, wanataja wanachokikosa, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, kamati ya maendeleo ya kata inachambua, mwisho baraza la madiwani. Ni utaratibu mzuri. Lakini mwananchi akiulizwa kikwazo hutaja maji, zahanati, darasa, barabara. Uwanja hautaji, kwa sababu uwanja upo: pale penye mwembe, pale kwenye mchanga, ni pa wote na hapana bei. Kwa kuwa haukutajwa, haumo kwenye mpango. Usipokuwamo kwenye mpango haupimwi, na usipopimwa, siku wapima viwanja watakapokuja utahesabika kuwa ardhi tupu. Ndivyo viwanja vya watoto vilivyopotea katika miji mingi ya nchi hii.

Na Mbamba Bay sasa ardhi ina bei. Aprili 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga, iliyopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mteremko ule uliokuwa unavunja magari kila masika umekuwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwaka 2024 ukaanza ujenzi wa bandari mpya. Penye lami na bandari, mwenye mtaji wa hoteli hachelewi. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba eneo la umma lipimwe kabla yake.

Chombo cha kupimia kipo tayari. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa la asili. Halmashauri nyingi huisoma sheria hii kama katazo tu: huruhusiwi kujenga, basi. Mpangaji mwerevu angeisoma kama uwanja mrefu wa umma ambao hakuna mtu wa kumlipa fidia, mradi uwekewe alama mapema. Uwanja wa soka la ufukweni ni mita 35 hadi 37 kwa 26 hadi 28. Mpira wa wavu wa ufukweni unataka mita 16 kwa 8. Vyote vinaingia ndani ya mita 60 bila tofali hata moja, kwa magoli ya mbao yanayong'olewa jioni. Linganisha na uwanja wa kawaida wa mita 105 kwa 68: hapo umekula mita za mraba 7,140 za ardhi tambarare, ambayo kwenye milima ya Umatengo, upande wa Mbinga, ni adimu kama maji ya kiangazi. Katika eneo hilohilo ungeweza kuchora viwanja 12 vya netiboli, maana kimoja ni mita 30.5 kwa 15.25. Diwani anayeahidi "uwanja wa kisasa" ajiulize kwanza ni wasichana wangapi wa kata yake watakaokanyaga nyasi zake.

Kuna mtego mmoja katika mita 60. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka karibu mita moja kwa mwaka. Hujaa Aprili na Mei mvua zinapoisha, hupungua sana Novemba na Desemba. Mita moja ya kimo inasikika ndogo. Kwenye ufukwe mlalo, unaoinuka mita moja kwa kila mita 20 za kwenda nchi kavu, maji yatakula mita 20 za mchanga. Mpimaji aliyeweka bikoni zake Novemba atakuta Mei amebakiwa na mita 40, na mwenye kiwanja cha nyuma atadai mpaka wake haujaguswa. Kipimo kianze kwenye alama ya maji ya Mei. Wavuvi wa Liuli watamwonyesha mpimaji alama hiyo pasipo kifaa chochote.

Majira hayohayo yanasema pia lini huduma itolewe. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera unavuma, ziwa linachafuka, na mtu wa milimani asiyejua mawimbi hapaswi kuingia majini. Wakati huo Mbinga wako kwenye kuchuma kahawa, hawana nafasi wala fedha. Septemba mpaka Novemba mambo yanageuka: malipo ya kahawa yanaingia, upepo umetulia, mchanga umepanuka, mvua bado. Miezi mitatu inayofaa kuliko yote inakutana yenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, kwa hiyo fungu la vyoo vya muda, maboya ya kuzuia waogeleaji wasiende kina kirefu, na posho ya waokoaji lazima litoke robo ya kwanza. Likisubiri robo ya tatu, litanunua maboya wakati wa masika.

Mchanga wenyewe nao una ratiba. Alfajiri mitumbwi inarudi na dagaa waliovuliwa kwa taa usiku. Asubuhi akina mama wanawatandaza, na hadi mchana jua linafanya kazi yake, huku mtoto mmoja amepewa fimbo ya kufukuzia kunguru. Alasiri dagaa wanakusanywa, mchanga unabaki mtupu, na mpira wa makaratasi unatokea mtu asijue umetoka wapi. Jioni wanakuja wa kuoga na kuosha vyombo. Hakuna ofisi iliyoandika mgawanyo huo, na unafanya kazi. Mpango unaowafukuza waanika dagaa ili "kupendezesha ufukwe" utaua kipato cha wanawake kwa ajili ya starehe ya wageni wa wikiendi, nami naupinga wazi. Ufukwe ugawanywe kwa saa kabla ya kugawanywa kwa uzio.

Afya isipokuwepo kwenye kikao cha mipango, yote haya ni bure. Ziwa Nyasa lina kichocho. Wengi wa konokono wanaobeba vimelea wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na mzunguko unakamilika pale mkojo au kinyesi cha binadamu kinapoingia majini. Upande wa Malawi, kwenye rasi ya Nankumba, watafiti walihusisha ongezeko la kichocho na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono. Kwa hiyo ofisa uvuvi naye ni mtu wa mapumziko, akubali asikubali: wavu haramu ufukweni leo ni ugonjwa kwa mwogeleaji kesho. Na choo ndicho chombo cha kwanza cha burudani. Kikae nje ya zile mita 60, lakini si mbali kiasi cha mtoto kushindwa kukifikia.

Kuna jambo halmashauri haina haja ya kulianzisha, maana watu walilianzisha zamani. Mganda na kioda ni ngoma zenye timu, sare, mazoezi na mialiko. Kijiji kinakwenda kucheza kijiji kingine, wageni wanapikiwa na kulazwa, na mwaka unaofuata deni la ukarimu linalipwa. Septemba 2024 Tamasha la Utamaduni la Taifa lilifanyika Songea, Uwanja wa Majimaji. Lilileta heshima kwa mkoa mzima. Tamasha la taifa, hata hivyo, huhama. Timu ya mganda ya kijiji inabaki hapo na ngoma iliyopasuka. Gharama yake kubwa ni usafiri na ngozi ya ngoma. Kiasi ambacho halmashauri inatumia kwenye jukwaa na spika za siku moja kingesafirisha timu kadhaa msimu mzima kati ya Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, na kupanda nazo hadi Mbinga.

Hapo ndipo tunarudi kwenye mpaka. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982 inaziruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja. Kamati ya Nyasa, Mbinga Wilaya na Mbinga Mji haihitaji jengo wala gari. Nyasa ilete ardhi iliyopimwa kuanzia alama ya Mei, pamoja na ratiba ya mchanga iliyokubaliwa na wavuvi na waanika dagaa. Mbinga mbili zichangie vyoo, maboya na waokoaji kwa miezi mitatu ya baada ya kahawa, kwa kuwa wengi wa watakaookolewa ni watoto wao. Kikao cha kwanza kikae Novemba, mwongozo wa bajeti unapofika na kabla ukomo haujafungwa, na mafungu hayo yaandikwe kwenye vitabu vyote vitatu.