Kizingiti cha Asilimia 50: Mazungumzo ya Kiswahili mbele ya Tuzo za Akademia ya Filamu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kigezo cha lugha katika tuzo ya Filamu Bora ya Kimataifa inayotolewa na Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani, kwa kukitazama kutoka upande wa filamu zenye mazungumzo ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kigezo hicho hupima uchache wa Kiingereza badala ya kupima kazi inayofanywa na lugha ndani ya filamu, na kwamba tuzo za Afrika zenye vitengo vya lugha zimerithi kasoro hiyo kwa sura nyingine. Mifano inayochunguzwa zaidi ni Lionheart, Nairobi Half Life na Vuta N'Kuvute.

Utangulizi

Mwanzoni mwa Novemba 2019, Akademia iliiondoa Lionheart, filamu ya kwanza kuwasilishwa na Nijeria, katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Filamu Bora ya Kimataifa. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Genevieve Nnaji ambaye pia ndiye mwigizaji wake mkuu, ina urefu wa takribani saa moja na nusu, na Kiigbo kinasikika humo kwa dakika zipatazo 11 tu. Kanuni inataka zaidi ya asilimia 50 ya mazungumzo yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Nnaji alijibu kwamba Kiingereza ndicho daraja baina ya lugha zaidi ya 500 za nchi yake, na kwamba Wanijeria hawakumchagua aliyewatawala. Mwezi huohuo filamu ya Austria iitwayo Joy, inayohusu wanawake wa Kinijeria jijini Vienna, iliondolewa kwa sababu hiyohiyo.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa kisiasa, na ilikuwa haki uwe hivyo. Hata hivyo, ndani ya kanuni hii mna madai ya kiisimu ambayo hayakuchunguzwa: kwamba mazungumzo ya filamu yanaweza kugawanywa katika mafungu mawili, Kiingereza na kisicho Kiingereza, na kwamba mafungu hayo yanaweza kupimwa na kulinganishwa. Kwa mtazamo wa haraka, Kiswahili hakina la kuogopa hapa. Filamu za Tanzania kwa kawaida huvuka kizingiti hicho bila taabu. Taabu inaanza pale ambapo msikilizaji anatakiwa aseme kwa uhakika neno alilolisikia ni la lugha gani.

Chama cha wanafani na bendera za mataifa

Ili kukielewa kigezo, yafaa kukumbuka chombo kilichokitunga ni cha aina gani. Akademia ilianzishwa mwaka 1927 kwa msukumo wa Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM, na miongoni mwa makusudio yake ya awali lilikuwamo la kusuluhisha migogoro ya kazi kabla vyama vya wafanyakazi havijapata nguvu. Tuzo zilikuja baadaye. Sherehe ya kwanza ilifanyika katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood, tarehe 16 Mei 1929. Kwa hiyo msingi wake ni wa wanafani wanaotambuana: waigizaji huwateua waigizaji, wahariri huwateua wahariri. Uamuzi wa mtu wa fani juu ya kazi ya mwenzake ndio unaoipa tuzo hadhi.

Tuzo ya filamu za nje haina msingi huo. Ilianza kama heshima maalumu mwishoni mwa miaka ya 1940, ikawa ya ushindani kwa filamu za mwaka 1956, na La Strada ya Federico Fellini ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushinda. Anayewasilisha ni nchi kupitia kamati yake ya uteuzi, na wapigakura hutoka katika matawi yote ya Akademia. Filamu inafika mbele yao ikiwa na bendera, na lugha yake wanaipokea kupitia maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Mhariri anayepiga kura anajua uhariri, na mpiga picha anajua picha. Kuhusu mazungumzo, wengi wao wanajua tafsiri.

Hadi mwaka 2006 kanuni ilidai pia kwamba lugha ya filamu iwe ya nchi inayoiwasilisha. Italia ilikataliwa filamu yake Private mwaka 2005 kwa kuwa haikuwa na Kiitaliano cha kutosha. Sharti lilipoondolewa, Kanada ikafanikiwa kuteuliwa kwa Water, filamu ya Kihindi. Kilichobaki ni sharti moja la kukanusha: isiwe Kiingereza. Aprili 2019 jina la tuzo lilibadilishwa kutoka "Filamu Bora ya Lugha ya Kigeni" kwa maelezo kwamba neno "kigeni" limepitwa na wakati. Neno lilitoka, kizingiti kikabaki, na miezi saba baadaye Lionheart ikajikwaa humo.

Orodha ya washindi kutoka Afrika inaonyesha jinsi sharti hilo linavyofanya kazi. Algeria ilishinda kwa Z, iliyoongozwa na Costa-Gavras; Ivory Coast ilishinda kwa filamu ya Jean-Jacques Annaud ya mwaka 1976 inayohusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika makoloni. Zote mbili ni za Kifaransa. Ni Tsotsi ya Afrika Kusini peke yake, iliyoshinda Machi 2006, ambayo mazungumzo yake yana lugha za Kiafrika pamoja na msimbo wa mitaani unaoitwa Tsotsitaal. Basi lugha ya mtawala mmoja inapita mlangoni bila kuulizwa, na ya mwingine inazuiwa. Hilo si jambo la kushangaza kwa chama cha Los Angeles, kwani kwao Kifaransa ni ugeni halisi; ila ni jambo la kushangaza likiitwa kigezo cha lugha.

Dakika, neno, sentensi

Katika suala la Lionheart hesabu iliyosambaa ilikuwa ya dakika. Dakika ni kipimo cha muda wa sauti. Kwa filamu ambayo mhusika anasema Kiigbo katika onyesho moja na Kiingereza katika onyesho jingine, kipimo hicho kinatosha. Kwa Nairobi Half Life hakitoshi.

Filamu hiyo ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012 ndiyo ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kwa Akademia. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano na kuwaigizia wateja wake, anakwenda Nairobi akitamani kuwa mwigizaji. Huko anagawanyika kati ya kundi la wezi na jukwaa la tamthilia. Mgawanyiko huo unasikika kabla haujaonekana. Kikikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza vimepangwa katika filamu kwa namna inayomwambia mtazamaji wa Kenya Mwas amesimama wapi, anamwogopa nani na anajifanya nani. Kipaji chake ni kuiga, na jiji linamtaka aige kwa kubadili msimbo. Mtu akiondoa lugha katika filamu hii na kubakiza maandishi ya tafsiri, ataona kisa cha kijana aliyeingia katika uhalifu, kisa ambacho sinema ya dunia imekisimulia mara nyingi.

Sasa itazamwe kazi ya mtu anayetakiwa kukokotoa asilimia. Kitenzi kama "amenidisapointi", ambacho kinasikika kila siku Nairobi na hata Dar es Salaam, kina nafsi ya mtenda, njeo na nafsi ya mtendwa kutoka Kiswahili, na mzizi kutoka Kiingereza. Kiwekwe fungu lipi? Carol Myers-Scotton, ambaye nadharia yake ya mwaka 1993 ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya data ya Nairobi, angejibu kwamba lugha inayotoa viambishi ndiyo inayotoa kiunzi cha sentensi, na Kiingereza kimepachikwa tu humo. Kwa jibu hilo, sehemu kubwa ya mazungumzo ya vijana wa Nairobi ni Kiswahili, hata pale mgeni anapotambua mizizi ya Kiingereza kila baada ya sekunde chache. Lakini mpimaji asiyejua viambishi hivyo atasikia kile anachokijua. Sikio lake litakitambua Kiingereza na kukihesabia zaidi ya stahili yake.

Kuhesabu maneno badala ya dakika hakuleti nafuu. "Hatukumwona" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji matano kusema jambo hilohilo. Mhusika mmoja akisema sentensi kumi za namna hiyo na mwenzake akamjibu kwa sentensi kumi za Kiingereza zenye maana sawa, hesabu ya maneno itasema kwamba wamezungumza Kiingereza. Hapo lugha ambishi inaadhibiwa kwa sababu ya mofolojia yake. Kipimo cha sentensi kingekuwa na haki zaidi, lakini kingemlazimu mpimaji aamue kwanza sentensi ni ya lugha gani, yaani kurudi kwenye swali lilelile la kiunzi. Nairobi Half Life ilipokelewa, ni kweli. Haifuati kwamba filamu itakayoipita kwa mchanganyiko, na vijana wanaoandika miswada leo wanazungumza kwa mchanganyiko mzito zaidi, itapokelewa vilevile. Mwandishi anayeifahamu kanuni atashawishika kusafisha mazungumzo ya wahusika wake, na atakachokisafisha ni ule ukweli uliomfanya aandike.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Kizingiti kina faida. Katika tuzo za 2023 Ireland iliteuliwa kwa The Quiet Girl, filamu iliyotawaliwa na Kiayalandi, lugha ambayo hata nyumbani kwake imezidiwa na Kiingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu ya lugha hiyo kufika hapo. Bila kizingiti, Uingereza, Australia na Kanada zingejaza nafasi hizo kwa filamu za Kiingereza zenye bajeti ambazo Dodoma na Nairobi haziwezi kuzifikia. Pengine hata Nijeria ilifaidika: mwaka uliofuata iliwasilisha The Milkmaid, yenye Kihausa na Kifulfulde. Anayedai kanuni ifutwe kabisa hajaitazama Ireland. Linalodaiwa hapa ni dogo zaidi: kwamba kipimo kiwe cha kiisimu, kifanywe na wanaozijua lugha husika, na mchanganyiko wa misimbo usihesabiwe kuwa upungufu.

Nguvu ya kanuni hizi nje ya Marekani isichukuliwe kwa wepesi. Mwaka 2018 sharti la filamu kuonyeshwa nchini mwake kwa siku 7 mfululizo lilikuwa kiini cha ombi la Wanuri Kahiu mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya, iliyosimamisha kwa siku hizo 7 marufuku dhidi ya filamu yake Rafiki. Kamati ya Kenya hatimaye iliichagua Supa Modo. Kanuni ya chama cha wanafani wa California ilikuwa imefika mahakamani Nairobi na kusikilizwa.

Jina lisilotafsirika

Mwaka 2022 Tanzania iliwasilisha Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ikiwa ni mara yake ya kwanza tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001. Filamu inatokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa 1999, na wapigakura waliijua kwa jina la Tug of War.

Tafsiri hiyo ni sahihi, na inapoteza karibu kila kitu. Kiingereza kinataja mchezo wa kamba. Kiswahili kina watu wawili: "vuta" ni amri kwa nafsi ya pili, "n'kuvute" ni dhamira tegemezi yenye nafsi ya kwanza inayotenda na nafsi ya pili inayotendwa. Anayesema anamwalika mwenziwe avute ili naye amvute. Udondoshaji wa irabu katika "ni-" unaleta sauti ya mazungumzo ya Unguja, mdomo wa mtu, tofauti na ukurasa wa kamusi. Katika kisa cha Yasmin, msichana wa Kihindi anayetoroka ndoa na mzee aliyemzidi sana umri, na Denge, mwanaharakati anayepambana na utawala wa Waingereza, jina hilo linabeba mapenzi na ukoloni kwa pamoja, kwa kuwa halisemi nani anamvuta nani. Jina la Kiingereza linasema "vita" waziwazi, na mapenzi yanabaki nje. Ikiwa maneno mawili ya jalada yanapungua kiasi hicho, msomaji anaweza kukadiria kinachotokea kwa saa nzima ya majibizano.

Akademia haiwezi kulaumiwa kwa kutojua Kiswahili. Swali linawageukia wanaokijua. Tuzo za AMAA, zilizoanzishwa na Peace Anyiam-Osigwe mwaka 2005, zina tuzo ya filamu bora ya lugha ya Kiafrika. AMVCA iliwahi kuwa na kitengo cha filamu ya lugha ya asili kwa Kiswahili, sambamba na Kihausa, Kiyoruba na Kiigbo. Vitengo hivi vimewapa waandaaji wa Afrika Mashariki jukwaa, na kuvibeza kungekuwa utovu wa shukrani. Lakini hata humo Kiswahili ni tiketi ya kuingilia. Filamu ikishakionyesha, kinachoshindaniwa ni ubora wa filamu kwa jumla, na mazungumzo yaliyotafsiriwa kutoka mswada wa Kiingereza, yenye Kiswahili cha taarifa ya habari vinywani mwa wavuvi, yanaweza kuyashinda mazungumzo yaliyosikilizwa mtaani kwa makini. Kumpa Kiswahili chumba chake si sawa na kumsikiliza.

Ajabu ni kwamba filamu iliyokifikisha Kiswahili karibu zaidi na sanamu ya Akademia haikupita katika mlango wowote wa lugha. Watu Wote ya Katja Benrath, kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School yenye mazungumzo ya Kiswahili na Kisomali kuhusu shambulio la basi karibu na Mandera, iliteuliwa mwaka 2018 katika kitengo cha filamu fupi, ambako hapaulizwi asilimia wala bendera.

Vuta N'Kuvute haikuingia katika orodha fupi ya filamu 15 ya mwaka wake. Kutoka Afrika iliingia The Blue Caftan ya Morocco peke yake. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zimeifundisha riwaya ya Shafi kwa miaka mingi na zina uwezo wa kuchambua kila kauli ya Mwajuma na Denge. Mtaalamu wa mazungumzo ya Kiunguja angeweza kukaa katika jopo la tuzo za nyumbani na kusema ni mwandishi gani wa mswada aliyesikia vizuri zaidi mwaka huu, kama mhariri asemavyo kuhusu mhariri mwenzake. Kiti hicho bado hakijaombwa, na idara hizo ndizo zinazopaswa kukiomba.