Kiatu kisigeuke chatu

Andika "chakula" kwenye karatasi. Juu yake, herufi kwa herufi, andika "kiakula": k juu ya c, i juu ya h, na nyingine zote zikilingana na pacha wake. Mstari wa juu ni neno lilivyo kwenye leksikoni, kiambishi cha ngeli na mzizi. Mstari wa chini ni neno tunavyolisoma gazetini. Mbinu ya kuoanisha mistari hiyo ilielezwa na Kimmo Koskenniemi katika tasnifu yake ya mwaka 1983 huko Helsinki, akianzia na Kifini. Kabla yake wanafonolojia walizoea kanuni za foleni: ya kwanza hubadili neno, ya pili hupokea lililobadilishwa. Yeye alizisimamisha zote pamoja. Hakuna kanuni inayobadili chochote. Kila moja hukagua jozi za herufi, na moja tu ikikataa, neno halipiti.

Tazama kanuni moja ikiandikwa. I italingana na h pale ambapo k imelingana na c na mbele kuna irabu. Hapo fundi wa kanuni huchagua mshale wa kuiunganisha jozi na mazingira yake. Upo unaosema jozi hii inaruhusiwa hapa tu, upo unaosema hapa ni lazima, na upo wenye ncha mbili unaosema yote mawili. Kisha kanuni hugeuzwa jedwali la kuongoza mashine: safu mlalo ni vituo vya mashine, safu wima ni jozi za herufi, na kila chumba kina namba ya kituo kinachofuata. Sifuri maana yake neno limekwama. Mwanzoni majedwali haya yalijazwa kwa mkono, chumba baada ya chumba.

Chumba, chombo, cheti na chama vinapita bila taabu. Kisha kinakuja kiatu. Kanuni ikiachwa ilivyo italeta "chatu", na mtu aliyetumwa dukani kununua kiatu atarudi na nyoka. Mwenye haraka angeongeza orodha ya maneno yasiyoguswa. Mvumilivu hurudi kwenye leksikoni na kuweka, mbele ya mzizi "atu", alama ambayo kwenye mstari wa chini haina herufi yoyote. Alama hiyo imekaa kati ya i na a, kwa hiyo kanuni haioni irabu na inatulia. Alama hiyohiyo huzuia pia viatu visiwe "vyatu". Kiazi na kioo hutengenezwa vivyo hivyo, na hakuna kanuni iliyofumuliwa.

Kitenzi ndicho kinachopima subira. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen, wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alichapisha makala kuhusu kuitumia mbinu hii kwa mofolojia ya Kibantu, mfano wake ukiwa Kiswahili. Shida ni kwamba mwanzo wa kitenzi huamua mwisho wake: "hasomi" huanza na ha- na kufunga kwa -i, ilhali "hakusoma" hurudi kwenye -a. Mashine haina kumbukumbu nyingine zaidi ya kituo ilichosimama. Kwa hiyo fundi huichongea kila hali njia yake. Ha- isiyofuatwa na kiambishi cha wakati hupita huku, ha- yenye -ku- ya wakati uliopita hupita kule, na vitenzi kama rudi na samehe, visivyobadili irabu ya mwisho, hupewa njia ya tatu. Njia zikikamilika, mashine ileile huenda pande mbili: hupasua neno, na pia huliunda kutoka kwenye vipande.

Sasa ipe mashine "hakupendi" na "hakupenda". Katika la kwanza -ku- ni wewe, katika la pili ni wakati uliopita, na kinachotofautisha ni irabu ya mwisho tu. Mashine huyatenga barabara. Lakini ukiipa "hakusamehe", irabu ya mwisho haisaidii: huenda hakutoa msamaha, huenda hatoi msamaha kwako wewe. Mashine iliyojengwa vizuri hutoa majibu yote mawili, nami naona huo ni uaminifu wa kazi, wala si udhaifu. Kuchuja ni kazi ya hatua inayofuata, sarufi ya vizuizi aliyoibuni Fred Karlsson, pia wa Helsinki. Kanuni zake hutazama maneno jirani na kufuta jibu lisilofaa. Kukiwa na "jana" pembeni, wakati uliopita hubaki. Jibu likibaki moja halifutwi, hata kanuni idai vipi. "Hakusamehe" ikisimama pekee, bila jirani, hutoka na majibu yake yote mawili.