Jeni ya 72

Anayechambua mchele kwenye ungo pale Elerai, huku akipiga soga na jirani, hana haja ya kutazama. Kidole kikikutana na kijiwe, mkono unasita hapo hapo. Msukumo mtupu, usio na joto wala kemikali, umegeuka umeme kwenye neva. Unageuzwa na nini?

Wanasayansi walishahisi kwamba utando wa neva una chaneli za ioni, yaani milango midogo inayofunguka ikisukumwa. Kazi ilikuwa kuzipata, maana neva za hisia ni chache, tena za aina nyingi. Bertrand Coste na Ardem Patapoutian, wa taasisi ya Scripps huko California, waliziweka neva kando kwanza, na kwangu mimi uamuzi huo ndio uliobeba kazi yote. Walichukua seli zinazooteshwa maabara, wakawa wanazidonoa kwa ncha butu ya kioo huku wakipima umeme wake. Seli za panya ziitwazo Neuro2A zikajibu.

Wakaorodhesha jeni 72 zilizoshukiwa kutengeneza chaneli hiyo. Wanazima moja, wanadonoa, wanapima; wanahamia nyingine. Umeme ulikuja kuporomoka walipozima ya mwisho kwenye orodha. Hawakuishia hapo: waliipandikiza jeni hiyo katika seli zisizojibu mdonoo, nazo zikaanza kujibu. Bila jaribio hilo la kinyume, nisingeshawishika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na mwaka 2021 Patapoutian akapata Nobel pamoja na David Julius.

Jeni yenyewe, Piezo1, hufanya kazi zaidi kwenye mishipa ya damu na chembe nyekundu. (Mwaka 2018 maabara ya Patapoutian ilionyesha kuwa aina yake moja, waliyonayo takriban theluthi ya watu wenye asili ya Afrika, huzifanya chembe nyekundu zisivamiwe kwa urahisi na vimelea vya malaria.) Mguso ni wa ndugu yake, Piezo2. Protini zake tatu huungana kama mapanga ya pangaboi na kuubonyeza utando. Ngozi ikisukumwa, utando unavutika, mapanga yanalala, tundu la katikati linafunguka, sodiamu na kalsiamu zinaingia, neva inafyatuka.

Mwaka 2016 madaktari Marekani walieleza wagonjwa wawili waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Wakifumba macho, hawakujua mkono umeelekezwa wapi, wala hawakuhisi mtetemo. Maumivu na joto waliyahisi kama kawaida, kwa hiyo hayo yana milango yake mingine.