Ufundi wa Kusikia Mwendo

Yuko bawabu mmoja kwenye geti la nyumba za ghorofa, Othaya Road, Kileleshwa, ambaye haoni haja ya kuchungulia barabarani. King'ora kikilia, huinua kidole na kutega sikio. "Hiyo inakuja huku." Mlio ukishuka na kuwa mzito, hukishusha kidole: "Imeshatupita." Wapangaji wanaotoka na spika masikioni hawamsikii yeye wala hicho king'ora.

Habahatishi. Gari linalokuja huyafukuzia mawimbi ya sauti yake lenyewe, yakasongamana, mlio ukawa mwembamba. Likienda zake, mawimbi hutawanyika. Kwa gari la kilomita 60 kwa saa, tofauti ya milio hiyo miwili hukaribia sehemu moja ya kumi. Christian Doppler aliiandika kanuni yake Prague mwaka 1842. Miaka mitatu baadaye, Buys Ballot wa Uholanzi aliijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi, na kando ya reli akawapanga wanamuziki wataje noti waliyoisikia. Aliyaamini masikio ya mafundi.

Ufundi huohuo uliwahi kufika mbali sana, ukianzia pwani ya Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo NASA, aliipa jina la Uhuru. Katika kundinyota la Centaurus ikakuta nyota inayodunda kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Watafiti wakaihesabu midundo hiyo kwa subira ambayo leo ni adimu. Wakaona inakaribiana, inaachana, inakaribiana tena, kwa mzunguko wa siku mbili na kidogo. Badiliko lenyewe, juu au chini ya wastani, halifiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde! Kumbe nyota hiyo inaizunguka nyota nyingine, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde.

Hapo ndipo nuru, eksirei zikiwemo, inapoachana na sauti. Anayekikimbilia king'ora hupishana na mawimbi yake upesi kuliko aliyesimama, maana sauti hubebwa na hewa. Nuru haina wa kuibeba. Nyota ije au iende, setilaiti iizunguke dunia, dunia nayo ilizunguke jua kwa kilomita 30 kila sekunde, miale ile husafiri kwa kasi ileile ya kilomita 299,792 kwa sekunde kwa kila anayeipima, kama Einstein alivyoshikilia mwaka 1905. Kinachobadilika ni muda kati ya mdundo na mdundo, na rangi ya nuru pia. Kwa hiyo ilibidi wapimaji wauondoe kwanza mwendo wa dunia yetu katika hesabu ndipo wabaki na wa nyota peke yake. Ni kazi ya kunyamaza na kusikiliza.

Kileleshwa nako kulikuwa na mahali pa kusikilizia. Nyumba za chini zenye bustani pana zimebomolewa moja baada ya nyingine, majenereta yananguruma mchana kutwa, na ving'ora vimegeuzwa fimbo ya wakubwa kuwafukuza wadogo barabarani. Masikio yamechoka, na nani ayalaumu?

San Marco haijarusha roketi tangu Machi 1988. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipata Nobel mwaka 2002. Vyanzo 339 vilivyoorodheshwa na setilaiti hiyo bado vinatajwa na wanaastronomia wa dunia nzima kwa alama ya 4U, na U hiyo ni ya Uhuru. Mwanafunzi wa Kileleshwa anaweza kumaliza somo zima la mawimbi, akafaulu vizuri tu, bila mtu kumwambia hilo.