Majani Mekundu Mlangoni: Tahakiki ya Mashada ya Nchelenge

Mtu afikapo kwa mwenziwe, kabla hajapiga hodi, mlango umekwisha kumsemesha. Mafundi wa Unguja walilijua jambo hilo, ndiyo maana katika milango yao ya kuchonga twaona samaki, mawimbi, minyororo na mayungiyungi. Daktari Livingstone naye, alipofika katika mji wa Mwata Kazembe, kusini ya Ziwa Mweru, mwezi wa Novemba 1867, aliandika kuwa lango la boma la mfalme lilipambwa kwa mafuvu ya vichwa vya watu yapatayo 60. Milango ile yakaribisha, lango hili latisha. Lakini yote husema, na wenyeji huyaelewa maneno yake.

Kwa hiyo hatuoni kuwa ni kujishusha kuleta katika kurasa hizi tahakiki ya pambo dogo: shada la mlangoni, yaani pete ya majani itundikwayo majira yabadilikapo. Tulipata nafasi ya kuyatazama mashada matatu huko Nchelenge, mkoa wa Luapula, nchini Zambia. Huo ni mji wa wavuvi ufuoni mwa Mweru, ambako Kibemba ndiyo lugha izungumzwayo zaidi, na Kiswahili huvuka ziwa pamoja na wachuuzi kutoka Kongo. Tuliyapima kwa mizani ile ile tuitumiayo kupimia shairi, nayo ni fani na maudhui.

Shada la kwanza lilikuwa la plastiki, limenunuliwa dukani na kutundikwa mwezi wa Desemba. Lilikuwa na majani ya msonobari, matunda mekundu, na chembe nyeupe za mfano wa theluji. Kwa upande wa fani hatukuona kasoro, maana mtambo haukosei. Lakini maudhui yake ni yapi? Huko Ulaya, ifikapo Desemba, miti mingi imekwisha kupukutika, na msonobari husimama na majani yake mabichi. Kuutundika mlangoni ni kusema kwamba uhai haujakwisha. Tena pambo hilo lina ndugu yake: mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern wa Hamburg alitengeneza gurudumu la mishumaa kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, ili wahesabu siku za kuingojea Krismasi. Hayo yote yana maana mahali pake. Desemba ya Nchelenge ni majira ya mvua, na kila kitu kimevaa chanikiwiti. Kijani kile cha plastiki kilizungukwa na kijani cha kweli hata kikakosa la kusema.

Shada la pili lilikuwa kazi ya wanafunzi, lililoigwa kutoka picha ya kitabu cha kigeni. Majani yake ya karatasi yalikuwa mekundu na ya rangi ya kutu, na chini yake yameandikwa maneno kuhusu mwaka unaokufa. Mikono iliyolikata ilikuwa na ustadi, nasi twaisifu. Hata hivyo kosa la shada hili ni la ndani zaidi kuliko lile la kwanza. Katika nchi za kaskazini jani huwa jekundu linapokaribia kufa. Katika misitu ya miyombo, nyuma ya Nchelenge, jani huwa jekundu linapozaliwa. Mwezi wa Septemba na Oktoba, jua likiwa kali, ardhi imekauka na mvua za majira hazijaanza, miyombo huchipua majani mapya yenye rangi ya damu na ya shaba, na baadaye ndipo yageukapo kuwa kijani. Rangi ni moja, habari ni mbili: kule ni buriani, huku ni hodi. Mtoto huyu amesifiwa kwa kuandika kifo juu ya rangi ambayo, nje ya dirisha la darasa lake, ni kuzaliwa. Lawama hiyo haimwangukii yeye. Yatuangukia sisi walimu.

Shada la tatu tuliliona siku za mwisho za Februari, kwenye mlango wa jikoni wa mama mmoja auzaye chisense, dagaa wa ziwa hilo. Lilikuwa pete ya matete iliyofungwa kwa maganda ya mafunjo na kuvishwa kipande cha wavu mkuukuu. Juu ya wavu mlikuwa na vifundo 12. Yafaa msomaji ajue kwamba upande wa Zambia uvuvi husimamishwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Mama yule alifunga kifundo kimoja kila juma. Kungoja huko si mchezo. Samaki aitwaye mpumbu, ambaye zamani alipanda mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga, alivuliwa njiani hata kufikia katikati ya karne ya 20 makundi yale yakawa yametoweka. Shada hili, basi, lilikuwa kalenda ya njaa na ya matumaini pamoja.

Hatusemi kwamba halina dosari. Mafunjo yalifungwa yangali mabichi, yakakauka na kusinyaa, na pete ikalegea ikainama upande mmoja. Msuka mikeka ajua kuwa ukindu hukaushwa kwanza, kisha ukalowanishwa kidogo, ndipo usukwe. Fani ilikosa subira ile ambayo maudhui yalikuwa nayo tele.

Wako watakaotusomea methali ya kwamba mwacha asili ni mtumwa, wadhani ndiyo hoja yetu. Siyo. Wavu wa mama yule ulikuwa wa nailoni ya kiwandani, na milango ya Unguja ilichota kutoka Bara Hindi na Arabuni bila kuona haya. Kitu cha kigeni hakidhuru kwa ugeni wake. Kinachodhuru ni kukipokea pasipo kutazama, hata macho yakaamini picha kuliko mti.

Kwa hiyo, ndugu walimu, kabla ya kumpa mtoto karatasi na mkasi, na tumtoe nje mwezi wa Septemba, tumwonyeshe tawi la mwombo na kumwuliza: jani hili laja au laenda? Akisha kujibu, na achague mwenyewe la kutundika. Sisi twalipa shada la tatu nafasi ya kwanza, pamoja na kulegea kwake. Kukaza pete ni somo la alasiri moja. Kumrudishia mtoto imani katika macho yake huchukua miaka.