Thamani Iliyoandikwa: Uhakiki wa Katalogi za Sarafu za Tabora za 1916

Sehemu hii inahakiki namna katalogi za wakusanyaji zinavyozipa thamani sarafu zilizogongwa Tabora mwaka 1916. Inadaiwa hapa kwamba katalogi hairekodi tu thamani iliyokuwapo, bali huiumba kwa kuitaja tofauti ambayo watumiaji wa awali hawakuihitaji.

Manowari za Uingereza zilipoifunga pwani, utawala wa Kijerumani ulikosa sarafu kutoka Ulaya. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha, zikatoka hela 5 na hela 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Kazi hiyo ilikoma Wabelgiji walipoingia mjini Septemba 1916. Vyuma vya kugongea vilikuwa zaidi ya kimoja na havikulingana: taji la hela 20 ni kubwa au dogo, na ncha za L katika neno HELLER zimekunjwa au zimechongoka. Sokoni, hela 20 ilibaki hela 20.

Katalogi, ikiwamo ile ya Krause iliyoanza kutolewa mwaka 1972, zinazitenga tofauti hizo kwa herufi na namba. Katika rupia 15, kinachotenganisha aina mbili ni mahali pambo linapoishia, chini ya T au chini ya A ya neno OSTAFRIKA. Dhahabu na uzito ni vilevile. Yawezekana kupinga kwamba uchache pekee unatosha kupandisha bei. Pingamizi hilo ni dhaifu, kwani uchache ulikuwapo tangu 1916, ila haukuwa na jina la kuuzia.

Njia ya misafara ilikwisha kuijua kanuni hii. Shanga zilizokubalika kituo kimoja zilikataliwa kingine, na samesame zilipanda bei kwa sababu wanunuzi walizitambua kwa jina. Lakini huko aliyetoa jina ndiye aliyepokea au kukataa mali. Katalogi za sarafu za Tabora zimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Zinapima kunjo la herufi na kuwapita kimya mafundi walioigonga. Ajabu ni kwamba Kiswahili kimeihifadhi sarafu hiyo katika neno la kila siku, hela, ilhali anayeifukua akichimba msingi wa nyumba Tabora huiuza kwa bei anayotajiwa na mnunuzi mwenye kitabu.